Miaka miwili bila dawa: kisa cha HPV na kinga ya njia ya uzazi, Kigoma

Mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wanne, mkazi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Alikuja kliniki Agosti 2023 akilalamika kutokwa na uchafu ukeni wenye harufu, mwasho, na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye kadi yake. Lililokuwa likimnyima usingizi halikuandikwa popote: Februari ya mwaka uleule aliambiwa ana HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, hakupewa hata kidonge kimoja, akaambiwa arudi baada ya miaka miwili.

Kisa nakieleza kwa ruhusa yake, na mambo kadhaa nimeyabadili ili asitambulike. Ninachokishikilia humu ni kimoja: ile miaka miwili haikuwa ya kukaa bure. Kuna kazi ilikuwa inaendelea mwilini mwake muda wote, na yeye, kwa nia njema kabisa, alikuwa akiibomoa kila asubuhi kwa sabuni.

Majibu ya Februari

Lilikuwa zoezi la uchunguzi wa wanawake wote waliofikisha miaka 30. Alipewa kijiti chenye pamba, akaenda nyuma ya pazia akachukua sampuli mwenyewe. Sampuli ikaingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, ya aina ileile iliyozoeleka kwa kupima kifua kikuu, ambayo kwa HPV hutoa majibu ndani ya saa moja hivi. Mashine hiyo hutafuta aina 14 za HPV zenye hatari na kuzipanga kwa makundi: aina ya 16 peke yake, ya 18 na 45 pamoja, kisha makundi matatu ya zilizobaki. Ya kwake ilitokea kwenye kundi la 31, 33, 35, 52 na 58. Kwa hiyo haikuwa 16 wala 18, ambazo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Akapakwa siki kwenye mlango wa kizazi ili waone kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Hakukuwa na kitu. VVU hana.

Mwanamke asiye na VVU, aliyekutwa na HPV lakini mlango wa kizazi haujaonyesha mabadiliko, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema apimwe tena baada ya miezi 24. Mwenye VVU huitwa mapema zaidi, baada ya miezi 12. Aliyempangia miaka miwili alipanga sawasawa, na sina ugomvi na mpango huo. Ugomvi wangu ni kwamba ulisemwa kwa sentensi moja, mlangoni, huku mwingine akiitwa jina.

Alichokisikia yeye ni kwamba ana saratani na wamemwacha. Alimweleza wifi yake, wifi akamweleza mama mkwe, na kufikia jioni shauri lilikuwa limeshageuka la zinaa. Mume alikuwa ziwani.

Akaanza kujitibu. Duka la dawa lilimpa vidonge vya fangasi vya kumeza, halafu vya kuweka. Nyumbani alianza kunawa ndani, asubuhi na jioni, kwa kidole na sabuni ya mawese, ile ya vipande inayopikwa hukuhuku Kigoma. Shoga yake wa mwaloni akamwongezea shabu, yale mawe meupe ambayo vinyozi hupaka mtu baada ya kumnyoa: anayeyusha kipande kwenye maji ya uvuguvugu na kujisafishia siku mume anaporudi, ili akute pamekaza na pamekauka.

"Sista," aliniambia, "nikasema kama ni mdudu na yumo ndani, si nimwoshe?"

Ukilitazama kwa macho ya mtu ambaye hakuelezwa chochote, swali hilo halina kosa.

Nilichokikuta

Tumbo laini, halina maumivu, hana homa. Kwa kipanuzi: kuta za uke zimepaka uchafu mwembamba wa rangi ya kijivujivu, unaoteleza kama maziwa yaliyotiwa maji. Mlango wa kizazi mzima. Karibu na mlango wa nje wa uke kulikuwa na michubuko midogo miwili, mmoja unatoa damu ukiguswa na pamba. Karatasi ya kupima asidi, ambayo kwa uke wenye afya hubaki ya njano, iligeuka kijani. Nikaisoma kwenye 5.5. Hali ya kawaida kwa mwanamke wa umri wake ni kati ya 3.5 na 4.5; namba ikipanda, asidi imepungua.

Nilidondosha tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwenye uchafu uliokuwa juu ya kioo. Harufu ya samaki ikapanda palepale. Alipoisikia alishtuka, akacheka kwa aibu: "Hiyo nilijua ni ya kazi." Miezi yote ile alikuwa akiilaumu biashara yake, na kadiri alivyoisikia ndivyo alivyozidi kunawa. Kemikali yenyewe inaitwa trimethilamini, na ndiyo inayompa samaki wa baharini aliyechina harufu yake, kwa hiyo pua yake haikumdanganya hata kidogo. Ilikosea chanzo tu.

Kwenye hadubini seli za ukuta wa uke zilikuwa zimefunikwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani, kana kwamba zimemwagiwa mchanga. Hakukuwa na trikomonasi wanaotembea wala nyuzi za fangasi. Vigezo vinne vya Amsel vya mwaka 1983 vinatumika hadi leo katika vituo visivyo na maabara kubwa, na kwake vyote vilitimia: uchafu, asidi iliyopungua, harufu, na seli hizo. Ukipata vitatu inatosha. Hiyo ni vajinosisi ya bakteria, yaani bakteria wabaya wamechukua nafasi ya wale rafiki wa uke. Haikuwa fangasi, na dawa zote alizonunua zilikuwa za ugonjwa asiokuwa nao.

Kinga iliyokuwepo kabla ya kirusi

Mtu akisikia neno kinga hufikiria chanjo au kingamwili za kwenye damu. Hizo huja baadaye, baada ya mwili kumtambua mgeni kwa jina. Kabla yake kuna kinga ya kuzaliwa nayo, ambayo haimjui mgeni kwa jina lakini inamjua kwa mwenendo, na katika njia ya uzazi ya mwanamke imepangwa kwa namna isiyopatikana sehemu nyingine ya mwili. Sababu iko wazi: hapo ndipo mahali pamoja panapotakiwa kukataa virusi, kupokea mbegu za mwanamume, kubeba mtoto ambaye nusu yake ni wa baba, na bado kutoka damu kila mwezi bila kuoza. Ukali wa kupita kiasi ungeharibu uzazi, na ulegevu ungeua.

Tuanze na utando. Kuta za uke zimejengwa kwa seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, za juu zikibanduka kila siku pamoja na chochote kilichozing'ang'ania. Estrojeni, homoni ya kike, huzinenepesha na kuzijaza glaikojeni, aina ya wanga. Glaikojeni ikivunjwavunjwa huwa chakula cha laktobasili, bakteria rafiki, nao hutoa asidi laktiki. Mlinzi wa kwanza hasa ni asidi hiyo. Haiishii kuonyesha namba kwenye karatasi tu. Kwenye maabara asidi laktiki ya kiwango cha uke wenye afya huua VVU, na huwanyima nafasi bakteria wengi wabaya. Juu yake kuna ute wa mlango wa kizazi, wenye nyuzi za musini zinazonasa virusi visifike kwenye ukuta. Ndani ya ute huo kuna protini ndogondogo: laktoferini, lisozimu, elafini, na kundi la difensini. Difensini mojawapo, alfa-difensini ya 5, hutengenezwa na seli za njia ya uzazi, na majaribio ya maabara yalionyesha mwaka 2006 kwamba inazuia HPV kuambukiza seli.

Kirusi kikivuka hayo yote na kuingia ndani ya seli, kuna vipokezi vinavyonusa. Vingine vinatafuta RNA yenye umbo lisilo la mwili, vingine vinatafuta DNA iliyopo mahali ambapo DNA haitakiwi kuwepo. Kimoja kikigusa, seli hutoa interferoni. Isaacs na Lindenmann walizielezea kwa mara ya kwanza London mwaka 1957, na hadi leo sioni njia rahisi zaidi ya kuzieleza kuliko niliyotumia kwa mama huyu: mvuvi aliye mbele akiona upepo unabadilika huwapungia wenzake taa, yeye mwenyewe huenda asipone, lakini mitumbwi ya nyuma inageuka mapema. Seli zinazopokea ujumbe huo hufungua mamia ya jeni, nyingine za kukatakata RNA ya kirusi, nyingine za kusimamisha utengenezaji wa protini, nyingine za kuwaita seli wauaji wa asili na makrofaji, seli zinazomeza wavamizi.

Jambo moja hapa hunifurahisha kila ninapolisimulia. Interferoni nyingi hutolewa pale tu kirusi kinapohisiwa. Lakini kuna moja, interferoni epsiloni, ambayo utando wa njia ya uzazi huitoa muda wote hata bila kirusi chochote. Katika mfuko wa uzazi kiwango chake hufuata homoni: hupanda na estrojeni na kushuka projesteroni inapotawala. Mwaka 2013 watafiti wa Australia wakiongozwa na Paul Hertzog walichapisha kwamba panya waliozaliwa bila interferoni hiyo waliugua zaidi walipoambukizwa kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, na hata klamidia, ambayo ni bakteria. Kwa maneno mengine, mwili haukuliacha lango hili lisubiri kengele. Umeweka taa inayowaka usiku na mchana.

HPV inavyopita katikati

Tatizo ni kwamba HPV ni mjanja kuliko virusi vingi, na ujanja wake ni kutopiga kelele. Haipiti kwenye seli za juu. Inahitaji seli za chini kabisa ya utando, na kuzifikia inahitaji mchubuko, hata usioonekana kwa macho. Ikishaingia haiui seli. Haiingii kwenye damu. DNA yake husafiri ikiwa imefungwa ndani ya kijifuko mpaka kwenye kiini, kwa hiyo vile vipokezi vinavyotafuta DNA iliyopotea njia haviioni. Protini zake za E6 na E7 hushika na kuvuruga njia zinazopeleka habari kwenye jeni za interferoni. Aina ya 16 huweza hata kuzima jeni ya interferoni kapa, ambayo ni ya seli za ngozi na utando wa aina hii. Virusi vipya hutoka pamoja na seli zilizokufa kwa kawaida yake na kubanduka. Hakuna uvimbe, homa, wala usaha. Ndiyo maana mama huyu hakuwa na dalili hata moja siku ya Februari.

Pamoja na hayo, mwili mara nyingi hushinda. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba maambukizi tisa kati ya kumi huwa hayaonekani tena ndani ya miaka miwili. Naiongeza tahadhari ambayo vipeperushi huiruka: hesabu hiyo inawahusu zaidi vijana na maambukizi mapya. Kwa mwanamke wa miaka 34 ambaye hatujui kirusi kimekaa naye muda gani, nafasi ni nzuri ila si hiyo. Wanaomaliza kazi ni seli T, yaani kinga ya kujifunza, lakini seli T haziji zenyewe. Zinaletewa habari na seli za Langahansi zilizomo ndani ya utando, na kuitwa na ishara za kinga ya kuzaliwa nayo. Utando ukivurugika, mazungumzo hayo yanavurugika.

Na haraka ya nini? Kutoka maambukizi yanayodumu hadi saratani kwa kawaida hupita miaka kumi hadi ishirini, ingawa kwa mwenye VVU asiyetibiwa huweza kuwa nusu yake. Kumkata au kumgandisha kila mwenye HPV ni kumuumiza mwanamke ambaye mwili wake ungemaliza wenyewe.

Sabuni ilifanya nini

Sabuni ya mawese hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, na kama sabuni nyingine yoyote halisi iko kwenye 9 hadi 10 kwa kipimo kilekile ambacho uke uko kwenye 4. Kila namba moja ni mara kumi. Tofauti ya hatua tano ni mara laki moja. (Hata maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yako karibu na 9, jambo ambalo wageni huwa hawaamini, lakini maji matupu hayana nguvu ya sabuni, na kuoga ziwani si kunawa ndani.) Asidi laktiki huzimwa, laktobasili hufa au husombwa, na nafasi huchukuliwa na gadinerela, prevotela na wenzao. Hao wana vimeng'enya vinavyokata sukari za kwenye musini, kwa hiyo ute unakuwa mwepesi na hautegi tena. Shabu nayo hukausha na kukaza, na utando mkavu ukisuguliwa huchanika. Ile michubuko miwili niliyoiona ndiyo milango ambayo HPV inaitafuta, na VVU pia.

Hapa VVU ndio walionitia wasiwasi zaidi kuliko HPV. Vajinosisi ya bakteria imehusishwa katika uchambuzi wa tafiti nyingi na ongezeko la takriban asilimia 60 la hatari ya mwanamke kupata VVU. Uchambuzi mwingine wa 2011, wa wanawake zaidi ya 14,000 wa Afrika kusini mwa Sahara, ulikuta kunawa ndani kwa sabuni kunaenda pamoja na ongezeko la hatari hiyo la karibu robo. Sababu mojawapo ni kwamba uvimbe wa chinichini huziita seli za kinga za CD4 zije kwenye ukuta, na hizo ndizo VVU wanazozitaka.

Mwenye shaka na akumbuke nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume. Ni sabuni ya kitaalamu, na kwenye kichupa iliua VVU vizuri sana. Ikajaribiwa kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono nchini Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, majibu yakatoka 2002: walioitumia sana walipata VVU zaidi ya waliotumia jeli isiyo na dawa. Ilikuwa inaunguza utando. Wataalamu waliosoma miaka mingi walianguka kwenye fikra ileile ya mama wa Kibirizi.

Nisimbebeshe sabuni lawama yote, hata hivyo. Wanawake wengi wa Afrika hawana laktobasili wengi ukeni hata kama hawajawahi kuingiza kitu, na sijui hali yake ilikuwaje kabla ya Februari.

Tulichofanya

Metronidazoli miligramu 400 mara mbili kwa siku, siku saba. Kunawa ndani kuache kabisa. Nje maji masafi yanatosha. Shabu arudishe kwa kinyozi. Alipouliza kuhusu maziwa mgando, ambayo kuna mtu alimtumia kwenye simu, nilikataa: bakteria wa mgando si wale wa uke, na hakuna sababu ya kuweka chakula mahali pale.

Maswali yake mawili yalichukua muda kuliko uchunguzi wote.

La kwanza: "Nani kaniletea?" Nilimwambia HPV haina tarehe. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono huipata wakati fulani, inaweza kukaa miaka bila kuonekana kwenye kipimo kisha ikajitokeza, na hakuna mashine Kigoma wala Dar es Salaam inayoweza kusema ilitoka kwa nani na lini. Nilimwomba amlete mama mkwe kama angekubali. Alikuja, tukasalimiana, na baada ya shikamoo nikarudia maneno yaleyale kwa upole zaidi. Hakusema kitu, aliuliza tu kama na yeye anaweza kupimwa. Alipimwa.

La pili lilikuwa la sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba. Wenzake walimwambia ndiyo inayoshusha kinga. Si swali la kupuuza, maana sindano hiyo ni ya homoni ya jamii ya projesteroni, ambayo inagusa utando, na wanasayansi walibishana miaka mingi. Ndiyo maana ukafanyika utafiti wa ECHO, wanawake 7,829 nchini Kenya, Zambia, Afrika Kusini na Eswatini, ukachapishwa 2019: kati ya sindano, kitanzi cha shaba na kipandikizi, haikuonekana tofauti kubwa ya maambukizi ya VVU. Swali kuu la utafiti huo lilikuwa VVU, si HPV. Nilimshauri aendelee na sindano yake, kwa kuwa mimba ya tano hakuitaka.

Binti yake mkubwa alipata chanjo ya HPV shuleni 2024, mwaka ambao Tanzania ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Yeye mwenyewe chanjo isingemwondolea kirusi alichokuwa nacho.

Mwezi mpevu na ziwa kufungwa

Alipona. Mwezi uliofuata karatasi ilibaki njano na hadubini ilikuwa safi. Kisha ikarudi, akatibiwa, ikarudi. Vajinosisi ina tabia hiyo. Zaidi ya nusu ya wanawake huipata tena ndani ya mwaka.

Yeye ndiye aliyegundua mpangilio, si mimi. "Inakuja mwezi ukiwa mpevu," alisema, na nikadhani ni mambo ya jadi. Kumbe ni kalenda ya kazi. Dagaa huvuliwa kwa taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu, na wavuvi hupumzika. Mume wake alikuwa nyumbani siku hizo kila mwezi. Shahawa ni za alikali na hupandisha namba ya uke kwa saa kadhaa, lakini hilo peke yake halitoshi. Bakteria wa vajinosisi hukaa pia chini ya govi na ndani ya mrija wa mkojo wa mwanamume bila kumsumbua.

Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kwa miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, samaki wazaliane. Mume akawa nyumbani mfululizo. Mama huyu aligeukia kuuza mawese, na kliniki alikuja mara mbili kabla ziwa halijafunguliwa Agosti.

Februari 2025, miezi 24 kamili, alipimwa tena. Makundi yote matano hayakuonyesha HPV. Nilimweleza kwamba siwezi kusema ni kwa sababu aliacha sabuni. Mwili wake ungeweza kushinda hata na sabuni, na kirusi kinaweza kuwa kimejificha chini ya uwezo wa mashine. Tafiti zinaonyesha wenye laktobasili wengi huondoa HPV haraka zaidi, lakini mtu mmoja si utafiti. Kipimo kijacho ni baada ya miaka mitano, kwa mpango wa kawaida.

Ikabaki vajinosisi. Mwezi uliofuata majibu ya jaribio moja la Australia yalichapishwa: jozi 164 za wenza, karibu nusu ya wanaume wakapewa vidonge vya metronidazoli pamoja na krimu ya klindamaisini ya kupaka kwenye uume, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Kati ya wanawake ambao waume zao walitibiwa, ilirudi kwa asilimia 35 ndani ya wiki 12. Kwa wengine, asilimia 63. Kwa miaka mingi vitabu vilitufundisha kwamba kumtibu mume hakusaidii.

Mume alikuja mbalamwezi iliyofuata, amevaa shati la kwenda msikitini, akakaa pembeni ya kiti. Aliuliza kama yeye ndiye mgonjwa. Nikamjibu kwamba hana ugonjwa, ana wapangaji. Vidonge vilikuwepo dirishani. Krimu ilibidi iagizwe, na aliingoja bila kulalamika, jambo ambalo sikulitarajia. Walianza dawa siku moja, kondomu kwa wiki nzima.

Mpaka naandika hivi miezi mitatu imepita tangu wamalize. Amekuja mara moja, kwa ajili ya sindano.